Sufuria Imeng'aa, Mkwe Analaumiwa

Mama Malati mpendwa,

Naomba msaada wako, na tafadhali nijibu kabla karamu ya binti yangu haijafika, maana ukichelewa utakuwa unanishauri nikiwa nimekaa kwenye benchi la hospitali, na mabenchi yale mimi siyapendi, yananiuma kiuno.

Mimi ni mke wa mkaguzi wa tiketi wa reli, mstaafu, tunaishi hapa Miraj karibu na stesheni, na jina lake sitalitaja kwa sababu tangu niolewe sijawahi kulitamka, mimi namwita Baba Hemant, naye ananiita Mama Hemant, na tumezeekea humo humo. Hemant ndiye mtoto wetu wa kwanza, tunakaa naye pamoja na mkewe Revati na mtoto wao Ojas, na binti yetu Mrunal ameolewa Kolhapur na sasa ana mimba ya miezi saba, mwezi ambao kwetu mjamzito huitwa nyumbani kwao afanyiwe karamu na kulishwa anachotamani, Mungu amlinde.

Sasa sikia. Baba Hemant alipostaafu alizima. Mtu ambaye akiingia kwenye behewa watu wanakaa sawa na wasio na tiketi wanakimbilia chooni, akawa anashinda kwenye kiti cha dirishani akisikiliza treni zinavyopita, ikichelewa moja ananitazama mimi kana kwamba nimeificha jikoni. Hataki kutoka, hataki mzaha, chakula anakichokonoa tu. Nikasema moyoni, huyu ananifia huku namwona. Kumbe wastaafu wenzake wana kundi lao kwenye simu, wanatumiana maua ya asubuhi njema na dawa za kila ugonjwa, na siku moja akasoma humo kwamba shaba ndiyo iliyowapa bibi zetu afya na kwamba haya masufuria ya siku hizi ndiyo yanayotumaliza. Jamani! Aliinuka kwenye kile kiti kama aliyepigiwa filimbi. Akapanda darini mwenyewe, na goti lake lile bovu, akashuka na sufuria yangu kubwa ya shaba niliyopewa na mama siku ya harusi, imejaa vumbi na mende waliokufa.

"Ya kale ni dhahabu, Mama Hemant!" akaniambia. "Yaani umeificha dawa juu ya kichwa changu miaka yote hii?"

Akaanza kuisugua, kwa ukwaju, kwa chumvi, kwa majivu, akaona haitoshi akaenda kununua msasa wa seremala. Aliisugua nje ikang'aa, halafu akageukia ndani yake. Na wewe unajua, kila mwanamke wa rika letu anajua, sufuria ya shaba ndani haiwi ya manjano, ndani ni nyeupe kwa sababu imetiwa bati, na marehemu mama yangu kila mwaka kabla ya Divali alikuwa anampelekea mtia bati vyombo vyake vyote vipakwe upya, ili kitu kichachu kisije kikagusana na shaba yenyewe. Lakini yeye angejulia wapi? Wanaume wa enzi zetu jikoni waliingia kuulizia chai tu. Akadhani ule weupe ni ukoko wa uchafu, akaukwangua wote huku anaimba, mpaka ndani kukawa kunameta kuliko nje.

Akaniita. "Mama Hemant! Njoo uone! Njoo haraka!" Nikatoka na mwiko mkononi, nikamkuta ameinua sufuria juani kama nahodha aliyekabidhiwa kombe, jasho linamtiririka, anacheka meno yote nje. "Uchafu wa miaka na miaka, nimeung'oa wote!" Mama Malati, maneno yalikuwa hapa kwenye ulimi, baba wee, umekwangua bati. Lakini hakuwa ameniita kuona kitu chochote tangu astaafu, hata kuutazama mwezi mpevu usiku wa sikukuu ya Kojagiri hakuniita, na hapo ananiita mimi, anacheka na mimi, basi nikayameza. Nikasema, "Imependeza." Nikarudi jikoni.

Nilijidanganya kwamba tutapikia wali humo, au tutakaangia unga wa vitamu vya laddu, vitu vikavu ambavyo havina neno. Wapi! Amri ikatoka kwamba amti ya kila siku ipikwe kwenye shaba, na amti yetu unaijua ilivyo, dengu na ukwaju na sukari guru, na Revati akipika huongeza kokamu kwa sababu mume wake anapenda uchachu, na ikibaki ilale humo humo "ili inyonye dawa." Wiki haijaisha Hemant anatapika, Ojas anashika tumbo hataki shule, mimi mdomo kama nimelamba funguo, Revati mwenyewe anapika anakwenda kutapika anarudi anaendelea kupika. Mzima ni mmoja tu, Baba Hemant, kwa sababu daktari alishamkataza vichachu kwa ajili ya kiungulia chake, yeye anakula wali wake wa choroko na samli uliopikwa kando kwenye kisufuria cha stili.

"Mbona mimi siumwi?" anatuuliza, tena kwa sauti kubwa. "Na mimi ndiye mzee kuliko wote humu ndani!"

Basi mkaguzi akaanza ukaguzi. Alifungua chujio la maji akalifua kama shati. Alimsimamisha muuza maziwa mlangoni akamwambia anywe maziwa yake mwenyewe mbele yake, na yule bwana akayanywa, akajifuta masharubu, akaomba na biskuti. Halafu akamgeukia Revati. Kila mara kabla ya kupika, "Nyoosha mikono," anamkagua kucha, na Revati ananyoosha kama mtoto wa chekechea, msichana msafi yule, vitunguu ataviosha mara mbili na kitambaa cha mezani hakigusi sakafu.

Ikawa hivyo mpaka wifi yangu Shalan, dada yake Baba Hemant anayekaa mtaa wa nyuma, alipokuja kula, akatapikia sari yake mpya. Alipopata pumzi akasema mbele yetu sote, "Kaka, usihangaike na maji wala maziwa. Ni mkono huo. Kuna watu mikono yao haikubaliani na chakula." Na Baba Hemant akaitikia kwa kichwa polepole kama aliyepata tiketi bandia aliyokuwa anaitafuta, akasema, "Basi kwenye karamu ya Mrunal, Revati asiguse jiko. Shalan utapika wewe. Amti ya ukwaju kama anavyoitamani mwanangu, ndani ya shaba, na mimi mwenyewe nitasimamia."

Mimi ninayejua nikawa nachambua majani ya giligilani ambayo yalishachambuliwa. Revati alikusanya sahani akaenda kuziosha, akafungua bomba kwa nguvu ili tusimsikie analia, na mimi nikamsikia. Yeye na Mrunal ni kama wamezaliwa tumbo moja, kila siku kwenye simu anamwambia, wewe njoo tu, chochote unachotamani nitakupikia mimi. Jana akanijia chumbani, akasimama mlangoni, akaniuliza, "Mama, hivi kweli mkono wangu una kasoro?" Unajua nilimjibu nini? "Kula kwanza, mwanangu." Ndilo jibu nililompa! Na chakula chenyewe kimetoka kwenye sufuria ile ile!

Sasa usifikiri nimekaa tu. Nilijaribu kuipoteza hiyo sufuria. Mnunuzi wa vyuma chakavu alipopita na mkokoteni wake nikamwita kwa ishara, nikampa bure, nikamwambia akimbie. Hakufika hata kwenye kona, Baba Hemant alikuwa anatoka kununua gazeti, akaiona inamulika kwenye mkokoteni, akamshika yule maskini ukosi, na ikarudi nyumbani imekumbatiwa kifuani. "Nusura tuibiwe, Mama Hemant! Wezi wa siku hizi hawana haya!" Tangu hapo inalala chini ya kitanda, upande wake.

Mrunal anakuja wiki ijayo. Bembea la kumkalisha limeshaagiziwa maua, sari yake ya kijani iko tayari, na ile amti wanataka kumlisha yeye na kilichomo tumboni mwake. Nikisema, mume wangu atavunjika, atarudi kwenye kiti chake cha dirishani na safari hii hatainuka. Nisiposema, nifanyeje? Niiteketeze? Nijifanye nimeota ndoto mbaya? Hemant naye ameanza kusema yeye na mkewe wahamie mji wa Pune. Nishauri, Mama Malati, usingizi sipati na hamu ya kula sina, ingawa hilo la kula huenda ni ile shaba.

Wako,
Mama Hemant, Miraj

*

Mama Hemant mwenzangu,

Barua yako imenichekesha mpaka mchapaji wangu akaja kuuliza kuna nini, na nilipomsomea habari ya muuza maziwa naye akaketi. Pole kwa yote. Haya, pole imetosha, sasa nikuseme.

Leo hii, kabla hujamaliza kusoma gazeti, hiyo sufuria isipande tena jikoni. Usingoje karamu. Mbona unahesabu hatari kuanzia siku atakayofika Mrunal, wakati mjukuu wako Ojas ana tumbo la kuumwa sasa hivi? Ukwaju, kokamu, ndimu, nyanya na mtindi vinaila shaba iliyo uchi, na shaba hiyo inaingia kwenye mchuzi, na mchuzi ukilala humo mambo yanazidi. Ndiyo maana watu wanakula, wanainuka, matumbo yanageuka. Ile ladha ya funguo mdomoni haikuwa fumbo, ilikuwa shaba inakubisha hodi. Mtoto mpelekeni kwa daktari, na mumweleze wazi chakula kilipikiwa kwenye nini, msianze kumsimulia habari za mikono. Wengine wanywe maji yaliyochanganywa chumvi na sukari, na atakayeendelea kutapika naye afuate njia hiyo hiyo ya kwa daktari.

Usiitupe sufuria wala usiiteketeze. Haijakukosea. Na ndoto usiote, maana mwanamke akianza kuota ndoto za kumfaa, mumewe ataanza kuota zake.

Sasa tuje kwa mzee. Unaniambia ulinyamaza usimvunje moyo. Nimekuelewa, tena vizuri sana, maana kuna wanawake wengi wanaosoma safu hii ambao wangeuza bangili zao waitwe "njoo uone" mara moja tu. Siku ile ya kwanza sikulaumu. Lakini kutapika kulipoanza, mama, kinywa chako kilikuwa wapi? Mume ulimwogopa asinune. Mkwe hukuogopa alie? Mzee ulimkinga na aibu ndogo, ya mtu aliyesugua sufuria kupita kiasi, ukamwachia mtoto wa watu aibu kubwa ya kuitwa mkono mchafu ndani ya nyumba yake mwenyewe. Hiyo si huruma. Ni uoga uliovaa nguo za huruma, na zimeukaa vizuri mpaka umeuzoea.

Mwambie mumeo. Mwambie mkiwa wawili, asubuhi, akishakunywa chai yake, maana mwanamume hapewi habari na tumbo tupu. Usizunguke mbuyu. Sema hivi: "Baba Hemant, ule weupe wa ndani haukuwa uchafu, lilikuwa bati. Nilijua, na sikukwambia." Hiyo sentensi ya mwisho usiitafune. Atabisha, lazima abishe, amekagua watu maisha yake yote na hajazoea kukaguliwa. Usishindane naye. Mpe kipande cha ndimu na chumvi, asugue ndani ya sufuria yake mwenyewe, akiache hapo kutwa nzima, jioni apanguse kwa kitambaa cheupe. Akiona ile kutu ya kijani kwenye kitambaa hatahitaji hotuba yako wala yangu. Na akikuuliza, "Mbona mimi sikuugua?" mwonyeshe kisufuria chake cha stili.

Atanuna. Mwache anune, kununa hakujaua mtu, amti ya shaba inaweza. Halafu usimrudishe kwenye kiti cha dirishani kwa kumbembeleza, mpe kazi. Umekosea sana, mwenzangu, kudhani mtu huyu alipona kwa sababu ya shaba. Alipona kwa sababu kulikuwa na kitu kinachomngoja akiamka. Basi mtume akatafute mtia bati. Wapo bado, wamepungua lakini wapo, na kumpata mmoja ni safari ya kuulizia soko hadi soko, kazi anayoiweza yeye kuliko mimi na wewe. Asimame pale pale fundi akipasha sufuria moto, ahakikishe linalopakwa ni bati safi, lisichanganywe na madini ya risasi, maana risasi ni balaa jingine, hasa kwa watoto na wenye mimba. Macho yale yaliyokuwa yanaona tiketi bandia yatafaa hapo. Na baadaye, shaba ya manjano ikianza kuchungulia chini ya weupe, yeye ndiye wa kusema sufuria irudi kwa fundi. Ndani isuguliwe kwa kitambaa laini, na msasa arudishiwe seremala. Nakuhakikishia kwamba nusu ya nyumba za mtaa wenu zina chombo cha shaba darini kilichovuliwa bati na watu wenye nia njema. Awaandikie na wale wastaafu wenzake kwenye kundi lao, kwamba bibi zetu walikula kwenye shaba, ndiyo, lakini bibi zetu walikuwa na bati. Atakuwa na shughuli hadi Divali.

Ikishatiwa bati, pikieni. Hata hivyo chakula kikiiva kihamishwe, kisilale humo. Na kama mna jagi la shaba la maji ya kunywa, liwe la maji matupu. Anayetaka kukamulia ndimu akakamulie kwenye gilasi. Kwa karamu hii msiwe na haraka, sufuria za stili mnazo, amti haitajua tofauti na Mrunal naye hatajua. Matamanio ya mjamzito ni ya ukwaju, si ya chombo.

Wifi yako Shalan mwache kwanza. Aliharibikiwa sari, alitaka wa kumlaumu, na midomo ya mawifi tunaijua. Yeye alisema asichokijua. Wewe unakijua.

Kwa hiyo Revati ni wako. Huyu usimwache asafishwe na mumeo, wala na ndimu, wala na hii barua akiisoma kwa bahati. Jina lake lilichafuliwa mezani mbele ya watu, na mezani mbele ya watu hao hao litasafishwa, Shalan akiwemo, kabla Mrunal hajakaa kwenye bembea. Jiko la karamu arudishiwe yeye. Na tonge la kwanza kinywani mwa Mrunal litiwe na mkono ule ule uliosemwa.

Ukifika wakati wa kusema, Mama Hemant, najua neno litakalokujia, kwa sababu ndilo neno letu sisi wazee tukitaka kutoka kwenye kosa bila kulowa. Utataka kumwambia, "Tusameheane, mwanangu." Usithubutu. Yeye hana la kusamehewa. Mwambie, "Nisamehe." Kisha kaa chini, umsogezee sahani yako, na ungoje akupakulie.

Mama Malati